Miaka sita kinywani mwa Keza

Vijana wa sevisi ya meno hospitalini waliponiomba niandike habari za kazi yangu, niliwaambia mi si mtu wa kuandika. Nilisoma hadi mwaka wa sita wa shule ya msingi, nikaishia hapo. Wakanijibu kwamba wameniona miaka yote nikiandika kwenye kaye, lile daftari langu, pembeni ya sinki. Ni kweli, lakini mle niliandika tu vile siku ilivyopita: vyombo vingapi vimechemshwa, nani alilia, nani alimng'ata dokta. Nimezisoma upya hizo kaye, maana ziko kumi na kitu, nikaona kwamba mengi niliyodhani nayakumbuka vizuri, sikuyakumbuka vizuri. Basi pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Kiswahili changu ni cha mtaani kwetu Buyenzi. Nimejaribu kukinyoosha, kikijikunja tena, mtanisamehe.

Nilianza kama mpiga deki. Sevisi ilikuwa vyumba viwili na baraza yenye benchi, mwisho kabisa wa uwanja wa hospitali ya serikali, karibu na ukuta. Siku ya kwanza nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nimefunga kitambaa kipya kichwani, nikakuta watu wameshajipanga kwenye benchi, kila mmoja ameshika shavu. Nikawasalimia. Hakuna aliyejibu. Nikadhani wananidharau kwa sababu ya ndoo niliyoshika. Baadaye nikaelewa kwamba mtu mwenye jino bovu hajibu salamu. Anainua nyusi tu, na hiyo inatosha.

Ndani mlikuwa na kiti kimoja cha wagonjwa, kile cha kupandishwa kwa kukanyaga pedali. Pampu yake ilikuwa imechoka. Mgonjwa mzito alianza matibabu akiwa juu akamaliza akiwa chini, na fundi wa meno naye akawa anapiga magoti polepole, kama mtu anayesali.

Fundi huyo ndiye Mze Anselme, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Dokta wa meno wakati huo alikuja siku chache tu kwa wiki. Siku nyingine zote Mze Anselme ndiye aliyeng'oa. Mtu mrefu, mkimya, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Miezi ya mwanzo hakuniruhusu kugusa koleo la kung'olea, lile tunaloliita davie. Aliniambia niangalie mikono yake, nisiangalie mdomo wa mgonjwa, kwa sababu ukiangalia mdomo unashika na wewe uchungu, na mtu mwenye uchungu hawezi kumpa mwenzake kotoni, yaani pamba, kwa wakati.

Alinifundisha kwanza pupineli, lile jiko la umeme la kuua vijidudu kwenye vyombo. Sheria yake ni moja: umeme ukikatika katikati, unaanza kuhesabu muda upya tangu mwanzo. Na umeme wetu mnaujua. Siku moja ulikatika, ukarudi, nami nikaongeza tu zile dakika zilizobaki. Mze Anselme akaniuliza kama nilianza upya. Nikamwambia kweli, sikuanza. Akatoa vyombo vyote, akavirudisha ndani, akawaeleza watu wa kwenye benchi kwamba watangoja, halafu akatoka akakaa nao kungoja. Hakunikemea. Ningependelea angenikemea.

Alinionyesha pia kwamba kioo kidogo cha kuangalizia meno kinafanya ukungu kwa pumzi ya mgonjwa, na kwamba ukikisugua kwanza ndani ya shavu lake, ukungu hauji. Na mtoto mpe hicho kioo akishike kabla hujakiingiza mdomoni mwake. Akishajiona pua, anafungua mdomo mwenyewe. Sikuona mahali pengine hayo yameandikwa. Labda yameandikwa kwa Kifaransa kigumu.

Sasa niseme juu ya bure.

Serikali ilipotangaza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bure, pamoja na mama wanaojifungua, benchi letu lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Hatukujua kama meno yamo. Nadhani hata waliotangaza hawakuwa wamefikiria meno. Mkubwa wa hospitali akasema mtoto ni mtoto mzima, pamoja na meno yake, na ikawa hivyo. Lakini watu walisikia neno bure, hawakusikia yale yaliyolifuata. Walikuja wazee wa mapengo. Bwana mmoja wa makamo, mtengenezaji wa baiskeli, aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba yeye pia ni mtoto, wa mama yake, na mama yake yuko hai, naweza kwenda kumuuliza.

Mi ndiye niliyewekwa mlangoni na rejista, kwa sababu nilijua Kiswahili na Kirundi, na Kifaransa cha kuombea msamaha. Ninyi mnaokaa hapo sasa mnajua karatasi zinazotakiwa: barua ya kutumwa kutoka kituo cha afya cha kartie, mtaa anapokaa mgonjwa, fishi ya chanjo, ile kadi ya kliniki, au cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha mzazi. Nawaomba kitu kimoja tu. Mwambieni mtu amekosa karatasi gani wakati bado amesimama. Mi nimewahi kumwacha mama akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, na zamu yake ilipofika ndipo nikamwambia arudi kwao Kamenge kutafuta barua. Hakugomba. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda. Nimeandika kwenye kaye kwamba siku ile ilikuwa ya joto sana.

Wapo ambao karatasi za umri hawana kabisa. Wengine walihama wakaziacha, wengine panya, wengine mvua. Ofisi nyingi huwarudisha, na siwezi kusema zinakosea, maana sheria ni sheria. Mze Anselme alikuwa na njia yake: aliusoma mdomo. Ukutani kulikuwa na mchoro mkubwa, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, unaoonyesha mdomo wa mtoto mwaka kwa mwaka. Meno ya utoto ni ishirini. Halafu, nyuma ya hayo ishirini, bila hata moja kung'oka, linatokea gego kubwa. Sisi tuliliita jino la miaka sita. Kama mtoto hakuwa nalo, Mze Anselme aliandika kwenye barua ya kutumwa "mdomo wa chini ya mitano", akatia sahihi, na mtoto akaingia bila fishi. Najua, na yeye alijua, kwamba wa miaka mitano na nusu walipita hapo pia. Hatukuwatafuta.

Kama jino lilikuwepo, hakuandika kitu. Alienda kukaa na mama kwenye benchi, akaanza maswali. Huyu alizaliwa wakati wa mahindi au wa maharagwe? Mkubwa wake yuko mwaka wa ngapi shuleni? Ulipokuwa na mimba yake mlikaa nyumba gani? Ilichukua muda. Mara nyingine alirudi akamwingiza mtoto, mara nyingine alirudi akatikisa kichwa. Mi nilidhani ni uzee, kwamba anapenda mazungumzo.

Mze Anselme alipostaafu, na baadaye Mungu akamchukua, kazi ya kusoma mdomo ilibaki kwangu. Nilikuwa nimeshapata mafunzo ya msaidizi, na dokta mpya, mwanamke kijana aliyekuja kufanya kazi kwetu kila siku, aliniambia niendelee kama tulivyozoea. Nikaendelea. Niseme kweli, nilianza kujisikia. Wauguzi wa sevisi nyingine waliniletea watoto wasio na karatasi, wakasema, mpelekee Mama Zuhura, yeye anasoma. Mtu wa mwaka wa sita wa msingi, anaitwa anasoma. Yale maswali ya kwenye benchi sikuamua kuyaacha. Yaliondoka moja moja, kwa sababu ya foleni. Mwishoni nikawa natazama, nasema, naandika. Nilichukua nusu ya kazi ya Mze Anselme, nusu rahisi.

Sasa nafika kwa Keza. Nimeliandika mara tatu jambo hili na mara mbili za kwanza nilijipendelea.

Ilikuwa Jumanne. Alikuja mama mmoja kutoka Ruziba, amembeba mgongoni mtoto wa kike ambaye miguu yake ilishafika kwenye magoti ya mama. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba, linang'aa. Barua ya kutumwa alikuwa nayo. Fishi ya chanjo hakuwa nayo. Alinionyesha kipande cha karatasi kilichogeuka kama ugali. Maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwao, akasema, vitu vyote vya kwenye sanduku vililowa. Barua ya kituo iliandika miaka minne, lakini mi nilijua kwamba vituo huandika kile mzazi anachosema. Nikamuuliza mwenyewe mtoto ana miaka mingapi.

"Ine," akasema. "Ya tano iko mbele, kwenye mwezi wa maharagwe."

Nikampa mtoto kioo ajione pua, nikakiingiza. Upande mzuri wa mdomo, chini, nyuma kabisa, jino la miaka sita lilikuwa limechomoza nusu, jeupe, halina doa.

"Mama, huyu ana sita."

"Apana. Ana ine."

"Jino limeshatoka, mama. Jino haliwezi kusema uongo."

"Kwani we ndo ulimuzaa?"

Benchi likacheka. Lilinicheka mimi, na mi sikuzoea kuchekwa mahali pale. Hapo nikasema maneno ambayo siku ile niliyaona ya kawaida. Nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye nyasi, kwamba kuna mama wakisikia bure wanawapunguza watoto wao miaka, na wenye haki wanangoja nyuma yao na watoto wadogo kweli. Kicheko kikahama. Mtu mmoja mwishoni mwa benchi akasema, "Amurudishe kunyonya, basi, atakuwa na miaka mbili." Wakacheka zaidi.

Nikamwambia anaweza kupita kwenye kasha, akalipe kama watu wengine wenye watoto wakubwa. Nilimwona anatazama viatu vyake, halafu barua, halafu akamrudisha mtoto mgongoni akaondoka. Angeweza kumlalamikia dokta. Lakini dokta siku ile alikuwa mkutanoni, na hata angekuwepo, mtu wa Ruziba angejuaje apite mlango gani, ikiwa mwenye mlango ni mimi? Katika rejista niliandika "zaidi ya mitano". Katika kaye yangu, jioni, niliandika mstari mmoja: Mama wa Ruziba, uongo wa umri. Chini yake nimeandika kwamba sabuni imekwisha.

Jumamosi huwa nakagua meno ya wajukuu, nyumbani Buyenzi. Wananiogopa kidogo siku hiyo. Rama, mtoto wa pili wa binti yangu Zuhura, akaniambia, "Bibi, huku nyuma kunawasha." Nikaingiza kidole, nikagusa kitu kigumu. Nikaleta kioo changu cha zamani, nikamkalisha karibu na mlango penye mwanga. Nyuma ya meno ya utoto, chini, jino la miaka sita lilikuwa linatoka.

Rama alikuwa na miaka minne na miezi minane. Umri huo sikuambiwa na mtu, wala sikuusoma kwenye karatasi. Nilikuwepo alipozaliwa, nilimpokea kwa kitenge changu mwenyewe. Hata hivyo nilihesabu kwa vidole, nikarudia, kama mtu ambaye hajui kuhesabu. Zuhura akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mtoto anakua.

Jumapili nikaenda Ruziba. Anwani niliyokuwa nayo ni ile ya rejista: Generoza, Ruziba, karibu na wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Mafuta yalikuwa adimu wakati ule, bisi ikatuacha Kinindo, dereva akasema tenki limesema limechoka. Nikatembea. Kinindo, kwenye majumba ya wenye nazo, walikuwa wanamwagia maua maji. Nilikuwa najifunza maneno ya kusema njiani, kwa Kiswahili, halafu kwa Kirundi, na kila nilipoyarudia yalikuwa yananipendelea kidogo zaidi, nikaacha.

Nilimpata kwa kuulizia. Alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa nguo ya ibada, anamega kipande cha muhogo. Keza alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, na jicho la upande ule limebaki mstari. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa na moto, si mwingi. Mama akaniambia kituo cha afya kilimpa dawa ya maji siku ya Ijumaa, na uvimbe umeanza kushuka. Aliniambia hayo kwa heshima, kama anavyoambiwa mtu wa hospitali. Kisha akasema:

"Umekuja kuhesabu meno ya nani leo?"

Nikamweleza juu ya Rama. Nikasema jino nililiona kweli, lakini umri niliutunga mimi. Nikasema yeye hakudanganya. Akaendelea kumega muhogo mpaka ukaisha.

"Unasema hapa," akasema, "mu nyumba yangu, tuko wawili. Kule ulisema mbele ya watu."

Nikamwambia nitasema mbele ya watu.

"Wale wale?"

"Wale siwezi kuwapata tena, mama. Lakini benchi ni lile lile."

Nilimwomba tuondoke naye saa ile ile, tumpeleke mtoto kwa watu wa dharura, akasema kwa bisi gani. Akaniuliza kama kesho watamtaka fishi tena. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina uwezo wa kusema hapana. Nikasema sijui, lakini nitamwambia dokta kabla mlango haujafunguliwa.

"Bon," akasema. "Benchi lile lile." Kisha akanipa maji ya kunywa, na akanisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo sikulistahili.

Jumatatu asubuhi nilimsimulia dokta akiwa ananawa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yanatiririka tu.

"Mchoro huo umechorwa kwa midomo ya watoto wa kwao ng'ambo," akasema. "Kwetu kuna wanaoota jino hilo mapema. Hilo tulisoma."

Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini hakuniambia.

"Sikujua kama unalitumia kukataa, Mama Zuhura. Nilidhani mnalitumia kukubali."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo na sioni kosa lake. Hakuwahi kuona mtu aliyekataliwa. Aliowaona ni wale niliowaingiza. Papo hapo akatoa amri: kuanzia siku ile mdomo unaweza kumwingiza mtoto, hauwezi kumtoa. Mwenye jino la miaka sita na hana karatasi, mzazi akisema ana minne, tunaandika minne, halafu sisi ndio tunaopiga simu kwenye kituo alikozaliwa. Ndiyo amri mnayoifuata hadi leo, ninyi vijana, na pengine mlidhani ilitoka juu.

Juu ya kusema mbele ya watu, dokta alisita. Aliona kwamba watu watapoteza imani, kila mtu atasema naye alionewa. Nikamwambia pengine. Akanikumbusha kwamba imenibakia miaka miwili tu nimalize kazi kwa heshima. Nikasema ndiyo, dokta. Akafunga bomba.

"Haya, sema."

Mama Keza alikuwa ameshafika. Hakukaa. Alisimama pembeni ya benchi, mtoto mgongoni, ananitazama. Benchi lilikuwa limejaa watu wa mashavu, na nyuma yao kwenye nyasi wengine. Nikashika rejista kifuani kwa mikono miwili. Sijui nilifikiri itanikinga na nini. Nikasema kwamba Jumanne iliyopita, mahali hapa, nilisema mama huyu amepunguza umri wa mtoto wake. Nikasema hakupunguza, ni mimi niliyekosea, tena nilikosea kwa sauti kubwa.

Wengi, nadhani, hawakuelewa nazungumza habari gani.

"Na jina," Mama Keza akasema.

"Anaitwa Generoza, wa Ruziba," nikasema. "Mtoto wake anaitwa Keza. Ana miaka minne."

"Tumesikia," akasema mzee mmoja aliyefunga taulo kichwani. "Mutufungulie sasa."

Dokta alimchukua Keza wa kwanza kwa sababu ya uvimbe, na hakuna aliyenung'unika. Gego lililooza lilikuwa la utoto, limebaki mizizi. Ganzi ilishika kwa shida, kama inavyokuwa pakiwa na usaha. Ilibidi dokta arudie. Mi nilishika kichwa, na nikavunja kanuni ya Mze Anselme, nikaangalia mdomo. Keza alilia kilio kimoja kirefu, akanyamaza ghafla, akaomba kioo. Mama yake naye akakiomba. Akakiingiza mwenyewe upande mzuri, akainama, akatafuta.

"Ni hili?"

"Ni hili, mama."

Akalitazama kwa muda. "Linapendeza," akasema, akanirudishia kioo.

Nilipotoka kuita namba inayofuata, bibi mmoja wa mwisho wa benchi akaniashiria kwa kidole. Aliongea bila kuondoa mkono shavuni.

"We mama. Mwaka jana mulimurudisha mujukuu wangu. Kwa jino."

Nilimtazama usoni. Sikumkumbuka hata kidogo. Nikamuuliza mtoto alikuwa na miaka mingapi. Akasema mitano ilikuwa bado. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko nyumbani, jino lilijichokea likang'oka lenyewe, yeye amekuja kwa ajili ya lake. Nikamwambia, bibi, sijui. Huenda nilikosea, huenda sikukosea.

"Basi tafuta," akasema.

Miaka yangu miwili ya mwisho kazini ilikwenda hivyo. Kazi za mlangoni zikiisha, nilifungua rejista za nyuma, nikatafuta kila mahali nilipoandika "zaidi ya mitano" kwa mkono wangu. Vituo vya afya vilinisaidia, vingine kwa moyo, vingine kwa kuchoka kunipigia kelele. Siku zangu za mapumziko nilikwenda majumbani. Mjukuu wa yule bibi, kwa kweli, alikuwa na miaka sita na zaidi siku ile. Bibi alipoona karatasi alisema karatasi haikumlea. Mama mmoja wa Kinama alicheka, akakiri kwamba mwanawe alikuwa na saba, akanipikia chai. Wengine nilikuta nimekosea, nikasema hivyo mbele ya majirani zao. Wapo waliokuwa wamehama, na mmoja alifunga mlango nikiwa bado nasalimia. Naye simlaumu.

Mtasema, ya nini, watoto hao wote sasa wamepita mitano, bure haiwahusu tena. Ni kweli. Hata dokta aliniuliza. Sikwenda kwa ajili ya meno. Katika hao ambao nilikosea, hakuna mama hata mmoja aliyekuwa amesahau siku ile, benchi lile, na nani alicheka.

Rejista ziko kwenye kabati, rafu ya chini, nyuma ya sanduku la glavu. Niliowapata nimewawekea alama kwa bik, kalamu ya kijani. Ambao sijawafikia nimewazungushia duara kwa penseli, na pembeni nimeandika kartie na njia, kadiri nilivyojua. Sina haki ya kuwaamuru muwatafute. Lakini ikitokea siku mmoja wenu ana nafasi, aanze na wale wa Kanyosha, huko bisi zinafika. Akigonga mlango, asianze kueleza mambo ya jino. Amwite mama kwa jina lake kwanza, na kama kuna majirani uani, asingoje waondoke.